Seyyid Said hayumo kwenye mchoro

Barazani kwetu Malindi kuna mzee mmoja ambaye kila nikipita na karatasi mkononi hunisimamisha. "Leo umetuletea nini, mwanangu?" Mara nyingi huwa ni uhakiki wa kitabu niliouchapa ili niusahihishe kwa kalamu. Siku hiyo ulikuwa mchoro: nukta zilizotapakaa ukurasa mzima, zimeunganishwa kwa nyuzi, na kila nukta ina jina lake. Kinjeketile. Kitunda. Bibi Kitunda. Mkichi. Mngindo. Askari.

"Hii ni Kinjeketile, ami. Ile tamthilia ya Ebrahim Hussein. Watu wanaosemeshana nimewaunganisha kwa uzi. Anayesema na wengi, nukta yake inakuwa kubwa."

Akaitandaza karatasi juu ya goti, akavaa miwani. Tamthilia hiyo aliisoma ujanani, na si mtu wa kusahau alichosoma. Akapitisha kidole kwenye majina yote, moja baada ya jingine, kisha akauliza, "Na Seyyid Said umemweka wapi?"

"Hayumo, ami. Hasemi neno hata moja."

"Hasemi, sawa. Lakini si ndiye aliyemvunja Kinjeketile?"

Sikuwa na la kujibu. Makala hii ni jibu langu la kuchelewa.

Kwanza nieleze mchoro wenyewe ni kitu gani, maana si kila mtu ameshakutana nao. Fikra ya kuchora uhusiano wa watu kwa nukta na mistari ilipata umaarufu kupitia daktari wa akili Jacob Moreno, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo huko Marekani. Aliwauliza wanafunzi wa skuli wangependa kukaa karibu na nani, kisha akayachora majibu yao. Mara moja ukaonekana ukweli ambao orodha ya majina haiwezi kuuonyesha: yupo mtoto anayechaguliwa na wote, na yupo ambaye hakuchaguliwa na yeyote. Na huyu Moreno alikuwa mtu wa jukwaa. Kabla ya kuhamia Marekani aliendesha kikundi cha maigizo ya papo kwa papo mjini Vienna. Kwa hiyo uhusiano wa michoro hii na tamthilia una umri mrefu kuliko kompyuta zetu.

Mwaka 1970 mwanahisabati wa Romania, Solomon Marcus, alichapisha kitabu cha hisabati ya ushairi ambamo wahusika wa tamthilia wamepangwa kwenye majedwali: nani yupo na nani, katika onyesho lipi. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Uingereza, Stiller, Nettle na Dunbar, wakazipima tamthilia za Shakespeare kwa njia kama hiyo. Ila aliyeufanya mjadala uwafikie wapenzi wa fasihi wa kawaida ni Franco Moretti, Mwitaliano aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 aliichora Hamlet kwa mkono. Sharti lake lilikuwa jepesi: wahusika wawili wakisemeshana, wafungwe uzi. Baadaye akawa anamfuta mhusika mmoja mmoja ili aone kinachobaki. Alipomfuta Horatio, rafiki mtulivu ambaye wengi tunampita tu tukisoma, pembe nzima ya mchoro ikafumuka. Aliona pia kwamba wengi waliounganishwa na wote wawili, Hamlet na mfalme Claudius, wanaishia kufa. Kukaa kati ya mahasimu wawili kuna bei yake.

Leo upo mradi unaoitwa DraCor, ambao umekusanya maelfu ya tamthilia za lugha mbalimbali katika mtindo unaosomeka na kompyuta, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuitazama michoro yake bure. Wapo Warusi, Wajerumani, Wahispania, Wagiriki wa kale, hata Watatari na Wabashkiri. Nilipita nikitafuta Kiswahili, sikukiona. Nikasema basi, nitafanya mwenyewe.

Sikuanza na Kinjeketile. Nilitaka kwanza kujipima kwa kazi ambayo wengine wameshaipima, ili nikikosea nijue. Nikachukua tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na akairekebisha mwaka 1969. Hakuna faili la kupakua, kwa hiyo nilikaa na kitabu upande mmoja na kompyuta upande wa pili, nikijaza jedwali lenye safu mbili: anayesema, na anayeambiwa. Jioni moja unamaliza tendo moja, ukibahatika na umeme.

Kazi hii ya kijima ina faida yake, kwani inakulazimisha kuuliza maswali ambayo kusoma kwa raha hakukulazimishi. Antoni anapohutubia mbele ya maiti ya Kaizari, anasema na nani? Kitabuni wanaojibu ni raia wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Je, nichore nyuzi nne au moja? Na wale mamia waliosimama kimya wakisikiliza, ambao ndio watakaotia moto majumba, wao wana nukta? Nikaamua umati wote uwe nukta moja. Sina hakika kama niliamua vizuri.

Mchoro ulipotoka, ulinipa vitu viwili nilivyokuwa sijavitia maanani. Wa kwanza ni Kaizari mwenyewe. Tamthilia imebeba jina lake, lakini akiwa hai anaonekana katika maonyesho matatu tu, na nukta yake ni ndogo pembeni ya ile ya Brutus. Wa pili ni wanawake. Kuna wawili tu, Portia mke wa Brutus na Calpurnia mke wa Kaizari. Wote wawili wanahisi hatari inakuja, wote wawili wanawasihi waume zao, na hawasemeshani hata mara moja. Hakuna uzi. Ukisoma kwa mfululizo hulioni pengo hilo, kwa sababu huwezi kuona mazungumzo ambayo hayakuandikwa. Kwenye mchoro pengo linakukodolea macho.

Halafu nikakuta kosa, na kosa hilo ndilo lililonifundisha kuliko yote.

Katika mchoro wangu kulikuwa na mtu mmoja aliyewaunganisha wala njama na umati wa mjini. Jina lake Cinna. Nyuzi zake zilikwenda kwa Casca, kwa Cassius, kwa Brutus, halafu zikavuka mpaka kwa raia. Nikafurahi. Nikadhani nimegundua daraja la siri, mtu wa wala njama ndani ya umati. Nikaanza hata kuandika aya ya kujisifu.

Kumbe wapo Cinna wawili. Mmoja ni mla njama. Wa pili ni mshairi, mtu baki kabisa, aliyetoka nyumbani kwake siku ya mazishi ya Kaizari akakutana na umati uliopandwa na hasira. Wanamuuliza jina, anasema Cinna. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi, si yule mwingine. Hawamsikii. Jina linatosha, wanamuua. Na hili si la kutungwa na Shakespeare peke yake. Mshairi Cinna aliuawa kweli mjini Roma mwaka 44 kabla ya Kristo, na Plutarch ameliandika.

Programu yangu ilifanya vilevile. Iliona majina mawili yanayofanana, ikayafanya mtu mmoja. Niliirekebisha kwa nusu dakika: Cinna 1, Cinna 2. Lakini nilikaa mbele ya kioo kwa muda. Mimi ni mwandishi wa habari katika mji ambao mtu akishasema jina lake la kwanza na la baba yake, watu wazima hunyamaza kidogo wakisubiri la tatu. Jina la tatu ndilo linalowaambia wewe ni mtoto wa nani, na ukishakuwa mtoto wa fulani umeshapewa nukta yako na nyuzi zako kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi ni ukarimu tu: wanatafuta jamaa, wanatafuta pa kukuwekea heshima. Lakini wapo wazee hapa wanaokumbuka Januari 1964, na wanajua kwamba zipo siku ambazo swali hilo haliulizwi kwa ukarimu. Tafsiri ile ya Mwalimu ilitoka mwaka uleule tuliopata uhuru, Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi.

Ndipo nikaingia kwenye Kinjeketile, nikidhani sasa nimeshaiva.

Tamthilia hii ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, na mwaka uliofuata Hussein mwenyewe akaitoa kwa Kiingereza. Inahusu Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kusini mwa nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Kinjeketile wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alitoa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa itazigeuza risasi. Hussein anasema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, na asichanganywe na yule wa historia. Tena Cinna wawili! Safari hii nilikuwa macho.

Mchoro wake haukunishangaza mwanzoni. Kinjeketile katikati, Kitunda pembeni yake, na uzi kati yao mnene kuliko wote. Wanawake hapa wamepata kuliko wale wa Roma: Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda wanaongea wao kwa wao, tena mapema kabisa, juu ya maisha magumu chini ya Mjerumani. Kabla vita havijawa mpango wa wanaume, tumeshavisikia vikiwa njaa mdomoni mwa wake zao. Uzi huo kwenye mchoro ni mwembamba, lakini upo.

Nikamfuta Kinjeketile, kama Moretti alivyofanya. Nilitegemea mchoro usambaratike. Haukusambaratika. Kitunda anawashika Mkichi, Mngindo na wengineo; wao kwa wao wanaendelea kubishana kama wapigane leo au wasubiri. Hapo nikaona historia inaikubali tamthilia. Kinjeketile wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa mipamba na vita kuanza. Wajerumani walikata nukta ya katikati wakidhani wameukata mtandao. Vita vikaendelea mpaka 1907, vikaenea mbali na Ngarambe. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, Wajerumani wenyewe waliwakadiria 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefikia hadi 300,000.

Mtandao ule uliwezaje kusimama bila yeye? Jibu limo katika masimulizi ya wazee ambayo G. C. K. Gwassa na John Iliffe waliyachapisha mwaka 1968, na katika utafiti wa Gwassa mwenyewe. Kabla ya vita ulipita ujumbe wa kunong'onezana, ulioitwa njwiywila, sikio kwa sikio na kijiji kwa kijiji. Aliyeusikia aliubeba kwa mwenzake. Ujumbe wa namna hiyo ukishatoka hauna haja tena ya mwenyewe. Hussein amelifanya jambo hilo kuwa ndilo donda la tamthilia: Kinjeketile anagundua kwamba neno alilolitamka limekua, limemzidi, na halimsikilizi tena.

Sasa turudi kwa Seyyid Said.

Katika tamthilia, Kinjeketile anaburutwa na nguvu ya pepo Hongo mpaka ndani ya Mto Rufiji. Anatoka kesho yake. Akiwa bado hajimiliki anatangaza habari ya maji, anatangaza umoja wa makabila, na ndani ya tangazo hilohilo anasema kwamba wakishamfukuza Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanashangilia maji. Hilo la mwisho linawapita. Lakini Kinjeketile anapokuja kuyatafakari maneno yaliyotoka kinywani mwake, anagutuka. Kama mwisho wa vita ni kuwa watoto wa Seyyid Said, basi wanaondoa bwana mmoja ili wampokee mwingine. Kuanzia hapo anakuwa na shaka na Hongo, na shaka na maji, naye ameshachelewa.

Seyyid Said ni nani katika mwaka 1905? Ni maiti wa miaka 49. Alikuwa Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, akafariki mwaka 1856. Waliofuata walitawala pwani ile mpaka Wajerumani walipoichukua. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa marki milioni nne kwa haki za Sultani juu ya mwambao. Wakati wa Maji Maji Sultani wa Unguja mwenyewe alikuwa chini ya Waingereza, hana uwezo wa kumtawala mtu wa Rufiji. Kilichobaki kusini ni jina tu: kumbukumbu ya mwenye pwani kabla ya Mjerumani. Na jina hilo ndilo Hussein alilolitia ndani ya maji.

Msomaji wa 1969 alilisikia kwa sikio jingine pia. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu kiti cha ukoo wa Seyyid Said kianguke hapa Unguja, na tangu Muungano. Hussein alikuwa anawaandikia watu wenye uhuru mchanga mkononi, akiwauliza, kwa kutumia jina la mfalme wa zamani, uhuru huu umewafanya watoto wa nani.

Haya yote mchoro wangu haukuwa nayo. Sharti la Moretti linataka usemeshane na mtu. DraCor wanatumia sharti jingine, la kutokea katika onyesho moja, nalo pia lisingemwokoa. Kwa masharti yote mawili, mtu ambaye hakupanda jukwaani hana nukta, hata kama jina lake ndilo lililogeuza kila kitu.

Sikutaka kuitupa njia yenyewe, imeshanionyesha mengi. Nikaongeza safu ya tatu kwenye jedwali: anayetajwa. Nikarudi ukurasa wa kwanza, safari hii nikiandika kila jina linalotoka mdomoni mwa mhusika, awepo asiwepo, mzima au maiti. Ilinichukua muda kuliko zile safu mbili za mwanzo.

Katika Julius Caesar matokeo yalikuwa mara moja. Kaizari, yule mdogo wa maonyesho matatu, akavimba mpaka akamfunika Brutus. Anauawa katikati ya tamthilia, na wanaendelea kumtaja mpaka mwisho. Hata Brutus anapojiua anasema na Kaizari. Nukta ya msemaji inakoma mtu akifa. Ya mtajwa inaendelea kunenepa.

Katika Kinjeketile nilitegemea jambo kama hilo, sikulipata. Seyyid Said alitokea, ndiyo, lakini kama nukta ndogo sana. Anatajwa kwa uchache mno ukilinganisha na Mjerumani, na Hongo, na maji yenyewe. Ningekuwa sijui tamthilia ningempita. Ila nilipoangalia nyuzi zake zimeanzia wapi, nikaona zimebanwa pale pale anaposimama Kinjeketile. Umati uliosikia jina haulirudii. Wao wanarudia maji, maji, maji. Yeye ndiye anayebaki nalo. Huo ndio upweke wa Kinjeketile katika nusu ya pili ya tamthilia: yuko katikati ya kila uzi, na amebeba jina ambalo hakuna mwenzake anayetaka kulisikia, isipokuwa Kitunda anayejaribu.

Je, nilihitaji kompyuta kuliona hilo? Mzee wa barazani aliliona kwa kidole na miwani. Lakini aliliona kwa sababu nilimpa karatasi yenye pengo. Miaka yote tumezungumza vitabu pale barazani, na hatujawahi kuzungumza habari ya Seyyid Said ndani ya Kinjeketile. Mchoro uliokosea ndio uliomfanya aulize, na nadhani hiyo ndiyo kazi halali ya michoro hii: kumpa msomaji mzuri kitu cha kukipinga. Ikiachwa peke yake itafanya kama ilivyomfanyia Cinna.

Nilimpelekea mchoro wa pili. Kutoka barazani kwetu, ukifuata barabara ya Mizingani na bahari ikiwa kuliani kwako, hufiki mbali unakuta jumba la kifalme la zamani, na pembeni yake makaburi ya Makusurani alikozikwa Seyyid Said. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto bila kufikiria hata siku moja kwamba aliyelala pale ni mhusika wa tamthilia ya Maji Maji. Mzee aliitazama nukta ndogo niliyoiongeza, akaigusa.

"Mbona mdogo hivi?"

"Ndivyo alivyotajwa, ami. Mara chache."

"Chache zilitosha," akasema, akanirudishia karatasi.

Majedwali yangu yote mawili nitampa yeyote anayeyataka. Maandishi ya tamthilia siwezi, yana wenyewe. Na kama una nakala ya Mfalme Juha ya Farouk Topan, au Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed, wote wawili watoto wa Unguja, jaribu safu tatu hizo. Anza na ile ya tatu. Wakati wa kujaza majina, watenganishe wanaofanana.